Kuchora histogramu na mkunjo wa msambao pamoja katika R
Tuchukue data za faithful, ambazo huja pamoja na R (lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu) zikiwa na vipimo 272 vya chemchemi ya majimoto ya Old Faithful, Marekani. Andika hist(faithful$waiting, freq = FALSE), ambapo waiting ni safu ya dakika za kusubiri mlipuko unaofuata. Sharti hilo la mwisho lisisahauliwe kamwe, kwa kuwa bila hilo mhimili wima huonyesha idadi badala ya msongamano (kipimo kinachofanya eneo lote la histogramu liwe 1), na mkunjo utakaouongeza utalala chini kabisa usionekane. Kisha ongeza lines(density(faithful$waiting)), inayochora juu ya histogramu mkunjo wa msambao wa data zenyewe.

Mkunjo wa msambao wa kawaida (normal distribution, wenye umbo la kengele) huchorwa kwa curve(dnorm(x, mean(faithful$waiting), sd(faithful$waiting)), add = TRUE). Kwa maoni yangu, hapa haufai: muda wa kusubiri una vilele viwili, karibu na dakika 54 na 80, ilhali mkunjo huo una kimoja tu, karibu na dakika 71.