Namna ya Kuunga Waya wa Kifaa cha Elektroniki Uliokatika

Waya wa chaja ya simu, wa spika za masikioni au wa taa ya sola ukikatwa na jembe au ukitafunwa na panya, kifaa chenyewe kwa kawaida hubaki kizima, na waya huo unaweza kuungwa nyumbani hata na mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu, yaani kifaa chenye ncha ya moto cha kuyeyushia lehemu, madini laini yanayounganisha shaba. Mwongozo huu unahusu nyaya za volti 5 hadi 12 tu. Waya unaobeba umeme wa ukutani, ambao kwa Tanzania ni volti 230, usijifunzie. Mpelekee fundi umeme.

Kabla ya yote, chomoa waya pande zote mbili. Betri ya sola nayo itenganishwe, maana ingawa volti 12 hazikurushi, nyaya zake zikigusana hupitisha mkondo mkubwa unaoweza kuyeyusha ganda na kuwasha moto.

Wengi husokota shaba kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi. Kiungo cha namna hiyo hakidumu, hasa hapa Dodoma, ambako jua hulainisha gundi ya tepu mpaka ifunguke, kisha vumbi huingia. Ni afadhali kulehemu na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Mpira huo uvishwe kwenye waya kabla ya kulehemu, kwa kuwa baadaye hautapita: mwembamba kwa kila uzi wa ndani, na mmoja mpana kwa waya mzima, yote ikisogezwa mbali na joto.

Menya ganda la nje kwa wembe, polepole, bila kugusa nyuzi za ndani. Katika waya wa kawaida wa USB utakuta uzi mwekundu na mweusi wa umeme, pamoja na wa kijani na mweupe wa data. Baadhi ya nyaya za bei rahisi huwa na ule mwekundu na mweusi peke yake. Usikate nyuzi zote kwa urefu mmoja. Upande mmoja ukiacha mwekundu mfupi na mweusi mrefu, upande wa pili fanya kinyume chake, ili viungo vikae mbalimbali na visiweze kugusana hata kimoja kikivuliwa ganda.

Sasa sokota shaba za rangi moja, gusisha ncha ya chuma kwenye shaba, kisha peleka lehemu yenye rozini (utomvu mkavu unaoisaidia kushika) kwenye shaba hiyo hiyo, wala si kwenye ncha ya chuma. Shaba ikishika joto, lehemu huzama kati ya nyuzi. Ikijikusanya juu kama tone, shaba ilikuwa bado baridi na kiungo kitaachia. Kwa sababu hiyo usifanyie kazi barazani wakati upepo unavuma. Kaa ndani, dirisha likiwa wazi ili moshi utoke, na unawe mikono ukimaliza, kwa kuwa lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Spika za masikioni zina ugumu wake: shaba yake hupakwa vanishi ya rangi, na vanishi hiyo isipoondolewa lehemu haishiki kabisa. Ikwangue taratibu kwa wembe, au ishikize ndani ya tone la lehemu ya moto mpaka iungue.

Waya wa dishi usiusokote wala usiulehemu. Zima king'amuzi, kisha funga kiunganishi cha kuskrubu kila upande na uviunganishe kwa kipande cha kati.

Kabla ya kusinyaza mpira, pima kwa mita ya umeme (multimita) iliyowekwa kwenye alama ya mlio: kila rangi ilie kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwekundu usilie na mweusi. Kisha funika, chomeka, na baada ya dakika chache shika mahali pa kiungo. Pakiwa pamoto, chomoa mara moja, kata kiungo hicho na uunge upya.