Jinsi ya kujadili badiliko la muundo kwenye maktaba huria ya kufungasha data

Hapa Kigoma, mwaloni Kibirizi, karani anaandika kilo za dagaa kwenye simu. Mtandao ukishika, programu inafungasha rekodi kuwa baiti na kuzituma. Siku za mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, chombo kinarudi kitupu, karani anaandika 0. Shida yetu ilikuwa kwamba chombo ambacho bado hakijapimiwa nacho kilisomeka 0. Maktaba tuliyotumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu huuazima, ilifuata kanuni ya Protocol Buffers (mfumo wa Google wa kufungasha data) ya toleo la tatu, la mwaka 2016: namba ikiwa 0, haiandikwi. Ukitaka kuwashawishi watunzaji wa maktaba ya namna hiyo, fuata njia hii.

Hatua ya 1: Anza na baiti. Kilo 150 kwenye sehemu namba 3 (sehemu ni nafasi ya taarifa moja ndani ya rekodi) zinaandikwa 18 96 01, baiti tatu kwa namba za msingi wa 16. Kilo 0: haiandikwi baiti hata moja. Haijapimwa: vilevile, hata moja. Ukiweka mistari hiyo mitatu juu ya pendekezo lako, hakuna atakayekuuliza tatizo liko wapi.

Hatua ya 2: Jua kwa nini waliotangulia waliamua hivyo. Toleo hilo la tatu liliondoa pia sehemu za lazima, yaani zile ambazo kila ujumbe sharti uwe nazo, na walikuwa na haki. Ukishaiweka sehemu ya lazima huwezi kuitoa kwa usalama, kwa kuwa msomaji wa zamani, yaani programu ya zamani inayopokea, ataukataa mzima ujumbe usio nayo. Kwa hiyo usiombe zirudi. Omba sehemu ya hiari inayokumbuka kama imejazwa. Protocol Buffers yenyewe iliirudisha rasmi mwaka 2021, toleo 3.15. Hapo 0 ya makusudi inaandikwa 18 00. Baiti mbili tu!

Hatua ya 3: Jaribu ya zamani na mpya, pande zote. Hapa ndipo mapendekezo mengi mazuri yanapofia, nami nakusihi usipapite haraka. Mwandishi mpya na msomaji wa zamani hawana ugomvi: 18 00 inasomwa 0. Geuza sasa. Simu ya karani haijasasishwa, kompyuta ya mjini imesasishwa. Karani anaandika 0, simu haitumi kitu, kompyuta inasema "haijapimwa". Chombo kilichorudi kitupu kinageuka kuwa deni la kazi kwa karani aliyeshapima. Liandike hilo mwenyewe ndani ya pendekezo, pamoja na dawa yake: kila rekodi ibebe namba ya toleo la programu iliyoiandika, na 0 za matoleo ya zamani zibaki na utata wake. Usizibadilishe kwa kukisia.

Hatua ya 4: Namba ya sehemu iliyofutwa ifungwe. Isitumike tena, hata kama inaonekana iko wazi.

Hatua ya 5: Mpinzani akisema "itavunja watu", mwombe ujumbe mmoja utakaovunjika, baiti kwa baiti. Akiuleta, uingize kwenye majaribio ya maktaba kwanza, ndipo umjibu.