Vibao vya tahadhari kwenye nyasi zilizopigwa dawa: namna ya kuviandika na kuvisimika

Viwavijeshi wakiingia kwenye ukoka baada ya mvua za kwanza, wateja hupiga simu mfululizo: njoo upige dawa leo leo. Kupiga dawa kwenyewe hakuchukui muda. Tatizo ni yule atakayepita pale baada ya mpigaji kufunga bomba lake na kuondoka. Mwongozo huu ni wa bustani za nyumbani, shule, ofisi na hoteli, uwe unapiga dawa mwenyewe au unamlipa mtu.

Hatua ya 1: Soma lebo kwanza

Maneno ya kibao yanatoka kwenye lebo, hayatoki kichwani. Tafuta mambo mawili: muda wa kusubiri kabla ya watu kuingia tena, na onyo kuhusu mifugo. Usiuchanganye muda huo na ule wa kusubiri kabla ya kuvuna, ambao ni wa nyanya na mboga. Dawa nyingi za magugu ya kwenye nyasi, zikiwemo zenye 2,4-D, husema watu na wanyama wasiingie hadi dawa ikauke. Nyingine hutaja saa. Ukikuta yote mawili, shika lililo refu.

Tazama na mkanda wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ndiyo sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, na mwisho kijani. Dawa ya mkanda mwekundu sioni inatafuta nini kwenye nyasi wanazochezea watoto, hata uzungushie vibao mia. Na ile iliyomiminwa dukani kwenye chupa ya maji, bila lebo, usiinunue kabisa: hutajua uandike nini.

Hatua ya 2: Andika maneno

Mimi huandika hivi, kwa herufi kubwa nyeusi juu ya njano:

NYASI ZIMEPIGWA DAWA
USIKANYAGE
USIKATE MAJANI YA MIFUGO
Imepigwa: Jumanne 14, saa 1 asubuhi
Ruksa kuingia: Jumatano 15, saa 4 asubuhi
Dawa: (jina la dukani na jina la kemikali iliyo ndani)
Simu: (ya aliyepiga)

Mstari wa saa ndio wenye mitego. "Saa 4" peke yake haitoshi. Andika siku, tarehe, na asubuhi au jioni. Mahali penye wageni, kama hoteli, ongeza 10:00 pembeni, la sivyo mgeni atasoma 4 na kuelewa alfajiri au alasiri. Maneno kama "leo" na "kesho" yaache, kwa sababu kibao kitasomwa kesho pia.

Jina la kemikali ni kwa ajili ya daktari. Dawa moja huuzwa kwa majina kadhaa ya dukani, na mtoto akifikishwa hospitali jina la dukani linaweza lisimsaidie mtu yeyote.

Mstari wa mifugo wengi hawauweki, nami naona ndio unaohitajika zaidi kwetu. Wapo wanaofuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda, au sungura, na majani wanayatafuta popote: kando ya barabara, nyuma ya ofisi, uwanja wa shule. Mtu akikuta nyasi nzuri anakata, anafunga kwenye baiskeli, anaondoka. Nyasi zilizokwisha kukauka dawa zinaweza kukanyagwa, lakini hilo halizifanyi chakula cha ng'ombe. Kama lebo inataja siku za kuzuia malisho, mstari huu uupe tarehe yake, tofauti na ya kukanyaga. Kama lebo iko kimya, yatakayofyekwa mara ya kwanza na ya pili baada ya dawa yafungie kwenye mfuko, yasiende bandani wala kwenye mboji ya mboga.

Hatua ya 3: Kata kibao

Plastiki ngumu au karatasi iliyopigwa leminesheni, juu ya kigingi cha mbao. Nondo sipendi, kibao kikianguka inabaki ncha ya chuma ndani ya nyasi.

Kuhusu ukubwa, wenzetu Marekani wamekwisha kuuwekea sheria. Jimbo la Illinois linataka mtoa huduma asimike kibao cha inchi 4 kwa 5, yaani kama sentimita 10 kwa 13, kikiwa sentimita 30 hivi juu ya nyasi, kikimwambia mtu asikanyage mpaka zikauke. Jimbo la New York linataka alama zikae angalau saa 24. Nafuata New York kwenye muda, kwa sababu hakuna mpita njia atakayeinama kupima kama majani yamekauka. Ukubwa wao unatosha bustani ndogo ya mbele ya nyumba. Kwa uwanja wa shule natumia A4, na hata hiyo si kubwa.

Hatua ya 4: Simika kabla ya kufungua chupa

Si baada ya kupiga. Ukianza kuchanganya dawa, vibao viwe vimesimama tayari.

Geti ni mahali pa kwanza, lakini usiishie hapo. Zunguka eneo ukitafuta njia za panya: palipopinda ua, mstari uliokwanguka nyasi kuelekea bomba la maji, pembe wanayokatiza wafanyakazi wakienda kula. Kila njia ipate kibao chake, kikimtazama anayekuja. Ukisimama kwenye kibao kimoja na huoni kingine, ongeza. Zima na mfumo wa kumwagilia unaojiwasha kwa saa, kama upo.

Hatua ya 5: Wasiosoma

Chora mkono uliozuia ndani ya duara jekundu. Fuvu liachie transfoma za umeme.

Halafu ongea na watu. Mlinzi wa geti aambiwe saa ya mwisho, na atakayempokea zamu aambiwe pia. Nyumbani, mwambie dada wa kazi, maana ndiye anayeanika nguo na kutandika mkeka nje. Shuleni, mwalimu wa zamu atangaze mstarini. Mbwa afungwe, kuku wabaki bandani, hasa ukitumia dawa ya chembechembe, kwani kuku hudonoa kila kilicho kama punje.

Hatua ya 6: Kuondoa

Muda ukifika, vaa glovu ukaguse majani ya chini, ukianzia kivulini, kwa mfano chini ya mwembe. Hapo ndipo panapochelewa. Pwani, dawa iliyopigwa jioni hukutana na umande na kulala mbichi hadi jua lipande, ndiyo maana napiga asubuhi mapema kabla ya upepo. Kama bado pana unyevu, badilisha saa kwenye kibao na umjulishe mlinzi.

Pakikauka na saa zikitimia, ng'oa vyote siku hiyo hiyo. Kibao cha mwezi uliopita kinawazoesha watu kupita, na siku ya dawa hawatakitazama. Kama onyo la mifugo lina tarehe ya mbele zaidi, libaki kwenye kibao chake peke yake hadi tarehe hiyo. Osha kwa sabuni mbali na kisima, futa tarehe kwa spiriti, na usivihifadhi jikoni.