Mabonge mawili ya Mwaloni: kumwonyesha mtoto barafu ya Kibo inavyokwisha

Nauza sato soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na barafu naijua kwa hasara yake. Mwanangu wa kidato cha pili alipokuja na swali la barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inavyokwisha, nilinunua mabonge mawili ya barafu ya ukubwa wa tofali.

Yaweke juani kwenye ubao ulioinama, kila moja na beseni lake chini. Moja liache jeupe. La pili linyunyizie vumbi la mkaa, kiasi cha chumvi kwenye mboga. Hapo nilikosea mara ya kwanza: nilimwaga kopo zima, na bonge jeusi likadumu kuliko jeupe! Watoto walinicheka. Kijana anayetupasulia barafu akasema, "Mama, umelifunika, kama sisi na maranda." Kweli. Vumbi jembamba hunywa jua na kuyeyusha. Likiwa nene huzuia joto. Hata mlimani, theluji mpya hurudisha mwanga mwingi, barafu iliyochafuka huumeza. Baada ya nusu saa pima maji ya kila beseni kwa kikombe.

Sasa hesabu za biashara. Kila robo saa ongeza kijiko cha barafu iliyosagwa juu ya bonge jeupe. Hiyo ndiyo theluji, yaani mapato; maji ya besenini ni matumizi. Mto wa barafu, yaani barafu nene ya mlimani, haurudi nyuma kamwe, huteremka polepole siku zote. Ncha yake hupanda mlima kwa sababu chini kunayeyuka haraka kuliko juu kunavyoleta. Punguza vijiko uone. Kibo kimepungukiwa hivyo hivyo, theluji imekuwa haba: mwaka 1912 barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12, kufikia 2011 hazikutimia 2.

Ila usimwambie mtoto kwamba yote huyeyuka. Kule kwenye mita 5,800 na ushee hewa ni kavu na baridi kali, kwa hiyo barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuwa maji. Angalia vipande vilivyosahaulika kwenye friza: vimesinyaa, na trei haina hata tone.

Wangu aliuliza kama Kibo kikiisha ziwa letu, Victoria, litakauka. Hapana, maji ya Kilimanjaro huenda Bahari ya Hindi, mengine kwa mto Pangani. Ziwa hili hushiba mvua, nyingi ikinyesha juu yake lenyewe.

Maji ya bonge jeupe tulioshea matenga. Yale ya mkaa nilimwaga.