SOMO: Unaenda Ujerumani mwaka mmoja kama mwanafunzi wa kubadilishana? Soma hapa kabla hujafunga begi

Habari zenu wakuu. Hili somo niliahidi kitambo, kila wiki nasema kesho kesho, sasa leo nimekaa naliandika lote. Ni kwa wale wa sekondari wanaoenda kukaa na familia ya Kijerumani na kusoma shule ya kawaida ya huko. Wa chuo kikuu mtaokota mawili matatu ila mambo yenu mengi ni tofauti.

Mi nilienda nikiwa na miaka 16, nimetoka Morogoro, nikapangiwa kimji karibu na Göttingen, jimbo la Niedersachsen. Familia ya watu wanne na paka mmoja aliyenichukia mwaka mzima.

Kitu cha kukutia moyo kwanza: neno shule tumelipata kwao, wao wanasema Schule, na hela nayo ni Heller, sarafu waliyoileta huku enzi za ukoloni wao. Kwa hiyo unashuka eapoti tayari una maneno mawili, ingawa hilo la pili wenyewe walishaacha kulitumia zamani hahaha.

HATUA YA 1: MAKARATASI

Anza mapema, na mapema namaanisha miezi, sio wiki. Unahitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, barua ya shule ya kule kwamba wamekupokea, barua ya familia, bima ya afya, na ridhaa ya wazazi WOTE wawili kwa maandishi kama hujafika 18. Hii ya mwisho ndo inachelewesha watu. Baba yangu alikuwa kikazi Mbeya, sahihi yake peke yake ilikula wiki tatu.

Visa unayoomba ni ile ya kitaifa, herufi D, sio ile ya kutembea siku 90. Ada yake ni euro 75, chini ya miaka 18 ni nusu, euro 37.50, na unalipia ubalozini. Kwa Dar ubalozi wao uko Umoja House. Mtu akikuambia mtumie laki tano kwenye simu "akusukumie" visa, huyo ni tapeli, mblock.

HATUA YA 2: LUGHA, NA HASA SAA

Ukiweza soma hata A1, ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, pale Goethe-Institut, kituo chao cha lugha, kabla ya kuondoka. Huhitaji kuongea kama mtangazaji wa redio, unahitaji usiwe bubu wiki ya kwanza.

Namba zao zinaanza na kidogo, yaani ishirini na moja wanasema "moja na ishirini", sasa mtu akikutajia namba ya simu kwa kasi utaandika kinyume yote. Na sisi waswahili tuna mzigo wa ziada kwenye saa. Mama mwenye nyumba aliniambia kesho tunatoka "halb acht". Halb ni nusu, acht ni nane. Mi nikapiga hesabu yangu: nane na nusu, toa sita, saa mbili na nusu kwetu, nikalala zangu. Kumbe halb acht ni nusu ya kuIELEKEA nane, yaani saba na nusu, saa moja na nusu asubuhi. Naamka namkuta kasimama mlangoni na koti na funguo mkononi, hasemi kitu, anaangalia tu saa ya ukutani. Ile aibu ninayo mpaka leo.

HATUA YA 3: WIKI YA KWANZA OFISINI

Ndani ya wiki mbili za kuhamia lazima uandikishwe manispaa kwamba unaishi pale, wanaita Anmeldung. Familia inakupa karatasi kwamba wanakuhifadhi, jina lake Wohnungsgeberbestätigung, neno refu kuliko foleni yenyewe. Kama visa yako ni ya miezi michache unaenda pia ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kuchukua kibali cha kukaa. Miadi ya huko ni ya kugombania kwa hiyo familia iombe hata kabla hujafika. Faili lako tembea nalo, na usitoe nakala halisi ikabaki kwa mtu.

HATUA YA 4: NYUMBANI KWAO

Viatu vya nje havipiti mlangoni, nunua ndala za ndani. Takataka zinatenganishwa: karatasi kwake, mabaki ya chakula kwake, vifungashio kwenye mfuko wa njano, na kinachobaki kwake. Chupa za plastiki usitupe, nyingi ukirudisha supamaketi mashine inakupa senti 25 kila moja. Jumapili maduka yamefungwa, na usiende kutupa chupa za glasi siku hiyo, kelele zile majirani hawazitaki. Dirisha watafungua lote katikati ya baridi kali dakika tano "hewa iingie", usibishane nao, hii ni kama dini.

Sasa la chakula. Jioni familia nyingi hazipiki, ni mkate, jibini, soseji, matango. Usiku wa pili mama akaniuliza nikuongeze? Mi kwa adabu zetu nikasema Nein, danke (hapana, asante), nikisubiri anibembeleze mara ya pili kama mama yeyote wa Moro angefanya. Sahani ikaondoka. Hapo hapo. Mkate ukafungwa, jibini ikarudi friji, taa ya jikoni ikazimwa. Nililala na karanga nilizobeba kutoka nyumbani, natafuna taratibu wasisikie. Na kuna mtego mwingine: ukipewa kitu ukajibu "danke" peke yake, mara nyingi wanaelewa umekataa. Ukitaka sema "ja, gerne", yaani ndiyo, nitafurahi. Kule ulichosema ndo ulichosema, hamna anayekisia ulichoficha moyoni, na hili ndo litakutesa au kukuokoa kila mahali, kuanzia mezani mpaka darasani.

HATUA YA 5: DARASANI (hapa soma polepole)

Yunifomu hamna, viboko hamna. Siku ya kwanza mwalimu kaingia, mi nikasimama wima, mikono nyuma, nasubiri wenzangu tuitikie salamu. Naangalia kulia wamekaa, kushoto kuna jamaa anakula tofaa. Nimesimama peke yangu kama nimeitwa kupewa adhabu. Mwalimu akaniuliza "Alles gut?", yaani uko sawa?, nikakaa.

Mwalimu haitwi mwalimu, anaitwa Herr au Frau na jina lake la ukoo, na unamwambia Sie, ile ya heshima, sio du. Wenzako ni du.

Maksi zinaenda 1 mpaka 6, na 1 ndo bora, kama divisheni zetu tu kwa hiyo hutachanganyikiwa. Madarasa ya juu kabisa wanatumia pointi 0 hadi 15, hapo kubwa ndo nzuri. Kinachowaangusha wengi wetu ni hiki: sehemu kubwa ya maksi ni ya KUONGEA darasani. Sio mtihani wa mdomo, ni kuchangia kila siku, kunyoosha kidole, kuuliza, hata kukosea. Mi nililelewa kwamba mtoto mwenye heshima anatulia na kuandika, nikatulia miezi mitano. Hesabu ya kuandika nilipata 2, nikajua nimeua. Mwisho wa Januari ripoti ya nusu mwaka inakuja: hesabu 4. Nikamfuata mwalimu nimenuna, nikamwambia mimi sipigi kelele, nasikiliza. Akasema kwa upole tu, sijui unachokijua kama husemi. Kwake ukimya wangu haukuwa heshima, ulikuwa daftari tupu.

Nilichofanya, na nakushauri uanze nacho wiki ya kwanza: kila usiku naandaa sentensi MOJA ya somo la kesho, moja tu, naikariri, kesho yake naitema dakika kumi za mwanzo kabla wenye lugha yao hawajamaliza majibu yote. Sentensi mbovu inahesabika, niliwahi kusema sentensi nikasahau kitenzi cha mwisho, darasa zima wakanisubiri nikipate. Mwisho wa mwaka hesabu ilikuwa 2 kwenye ripoti.

Na ukinyoosha, nyoosha kidole cha shahada kama wao. Usinyooshe mkono wote mbele na kiganja kimekunjuka, ile kule inafanana na saluti ya Hitler, na saluti ile ni kosa la jinai. Hakuna aliyeniambia mapema, jirani yangu wa dawati ndo alinishusha mkono.

Vidogo vidogo: saba yako ipige mstari katikati maana moja yao ina mkia mrefu juu na watasoma saba yako kama moja. Desimali wanaandika kwa mkato, 3,5 badala ya 3.5. Ukiumwa, familia iijulishe shule asubuhi ile ile kabla vipindi havijaanza. Mwalimu asipokuwepo kipindi kinaweza kufutwa na mnarudi nyumbani, hiyo siku utaipenda Ujerumani.

HATUA YA 6: BARIDI

Usinunue koti Dar, kanunue kule. Desemba jua linachomoza kama saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi na kitu jioni lishazama, unaenda shule giza na kurudi inaelekea giza. Novemba na Desemba ndo utalia, wengi wanalia, jiunge na klabu yoyote ya mpira au kwaya kabla haijafika. Mwisho wa Oktoba saa zinarudishwa nyuma, kwa hiyo tofauti na nyumbani inatoka saa moja inakuwa mbili, mwambie mama asipige simu ukiwa darasani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Mwanza: Asante mwanangu kwa somo. Binti yangu anavaa hijabu, shule zitamruhusu? Na hiyo soseji yao?

Jibu: Shikamoo mama. Wanafunzi wanavaa hijabu shuleni bila tatizo, kwenye darasa letu walikuwepo wawili. Nguruwe aandike kwenye fomu ya maombi tangu mwanzo na arudie kusema siku ya kwanza mezani, asione haya. Na pipi za jelatini asome pakiti, nyingi ni jelatini ya nguruwe.

Mdau, Dodoma: Huo mwaka NECTA wanautambua au umeupoteza?

Jibu: Mkuu, usitegemee ile ripoti ikuvushe darasa huku. Mi nilimaliza kidato cha nne, nikaenda, niliporudi nikaanza cha tano shule binafsi na watu wa mwaka uliofuata. Niliongea na mkuu wa shule KABLA sijaondoka, hilo ndo la msingi.

Mdau, Kigoma: Nina miaka 22, bado naweza?

Jibu: Kwa sekondari umechelewa kaka. Angalia kubadilishana kupitia chuo chako, au mpango wa weltwärts upande wa Kusini kwenda Kaskazini, yaani vijana wa nchi kama yetu kwenda Ujerumani, ni kujitolea, umri 18 hadi 28. Au-pair nayo ipo, unakaa na familia unawasaidia watoto, lazima uwe hujafika 27.

Mdau, Mombasa: Mimi napelekwa Uswisi upande wa Kijerumani, somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu ila geuza maksi dada, Uswisi 6 ndo bora na 1 ndo mbaya. Austria ni 1 hadi 5, 1 bora. Na Waswisi nyumbani wanaongea Kijerumani chao ambacho hata Mjerumani wa kaskazini anatoa macho. Waombe wakuongeleshe Hochdeutsch, kile cha vitabuni, watakubali.

Mdau, Arusha: Sema ukweli, ubaguzi upo?

Jibu: Upo. Watu wengi walinipokea vizuri sana, ila kuna mtoto alikuwa ananishika nywele bila kuuliza, na mzee mmoja kwenye basi aliniambia maneno sirudii hapa. Wa nywele nilimwambia acha, kwa sauti, akaacha. Shule zina Vertrauenslehrer, mwalimu wa kupeleka shida zako, mtumie. Na ukiona familia hamwendani usivumilie kimya kimya mpaka Juni, mwambie koordineta wako, yule wa shirika lililokupeleka, kubadilishwa familia ni jambo la kawaida.

Mdau, Tanga: Zawadi gani nibebe? Mama anataka nipeleke samli na nyama kavu.

Jibu: Mama yako nampenda bure lakini forodha watavichukua, nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi. Beba kahawa na khanga. Ila khanga soma jina lake kabla hujanunua, wataomba uwatafsirie mezani, mi nilipeleka ya kumsema jirani.