Namna ya Kupata Baa Itakayokupokea Wewe na Mbwa Wako Arusha

Katika miaka yote ambayo nimetembea na mbwa hapa Arusha, sijaona baa hata moja iliyobandika tangazo la kumkaribisha. Mabango yanayomtaja mbwa katika mji huu hukaa kwenye mageti ya nyumba, na husema "Mbwa Mkali". Kwa hiyo anayetaka kukaa na mbwa wake chini ya mti, akanywa bia moja au soda huku akisubiri nusu kilo ya mbuzi, hana orodha ya kuifuata. Ruhusa hutolewa na watu walio zamu siku hiyo: meneja, mhudumu, mlinzi wa getini, mchoma nyama, na wateja wa meza ya jirani, ambao hakuna anayewahesabu mpaka mmoja wao asimame na kuhama.

Somo hili linaeleza namna ya kuwapata watu hao. Sitataja baa kwa jina, kwa kuwa meneja akihama ruhusa huhama naye, na nisingependa mtu avuke mji kutoka Moshono mpaka Kisongo kwa kutegemea neno langu la mwaka jana.

Hatua ya kwanza: Mtayarishe mbwa

Mbwa wengi wa kwetu hulelewa kwa ajili ya ulinzi. Hufungiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku, na husifiwa kila wanapombwekea mpita njia. Mbwa wa malezi hayo akimrukia mhudumu anayekuja na sinia hastahili lawama, kwani ndivyo alivyofundishwa. Mzoeshe kwanza kutembea akiwa amefungwa kamba, kupishana na bodaboda bila kuruka, na kulala miguuni pako kwa nusu saa bila kudai chochote. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalohitajika zaidi kwenye baa.

Kisha kuna chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na daktari wa mifugo huiandika kwenye kadi. Beba kadi hiyo, au angalau picha yake kwenye simu. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mteja anayeruka kitini akimwona mbwa wako ana haki ya kuogopa, na kadi humtuliza kuliko kauli ya "huyu hang'ati", ambayo kila mwenye mbwa huitoa, wakiwemo wale ambao mbwa wao wameshang'ata.

Hatua ya pili: Tafuta ua kabla ya kutafuta baa

Katikati ya mji, kuanzia Mnara wa Saa na kushuka Barabara ya Sokoine, baa nyingi zimebanwa baina ya maduka, meza zimesogeleana, na njia ya wateja ndiyo hiyo hiyo ya wahudumu. Usipoteze muda huko. Tafuta pembezoni, ambako viwanja ni vikubwa na miti bado ipo: Njiro, Ilboru, Moshono, upande wa Sakina na wa Kisongo, na Tengeru mpaka Usa River kwa wanaokaa njia ya Moshi. Fungua programu ya ramani kwenye simu, igeuze ionyeshe picha za kutoka angani, kisha utazame nyuma ya jengo. Ukiona kijani na vivuli, kuna ua; ukiona bati tupu mpaka ukutani, pita.

Waulize pia madaktari wa mifugo, maana wao huwajua wenye baa wanaofuga, na mwenye baa anayefuga mbwa nyumbani kwake hahitaji kuelezwa mengi. Ipo dhana kwamba penye wageni wa kigeni ndipo penye ruhusa, kwa kuwa Arusha ni mji wa watalii na wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine bustani hizo ndizo zenye masharti makali zaidi, na mimi binafsi nimepokewa vizuri kwenye viti vya plastiki kuliko kwenye viti vyenye mito.

Hatua ya tatu: Nenda kwanza peke yako

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo iliyonigharimu. Baa ya nyama choma aghalabu huwa na mbwa wake. Hakuna anayekiri kuwamiliki, lakini wapo nyuma ya jiko la kuchomea, wanaishi kwa mifupa, na ua ule wanauhesabu kuwa wao. Meneja anaweza kukukaribisha kwa moyo mweupe, nao wakakukataa kwa meno. Yalinikuta Njiro jioni moja: nilikuwa nimeruhusiwa, nimeketi, nimeagiza, mara mbwa watatu wakatokea nyuma ya kreti za bia. Bosi, mbwa wangu, ambaye ukubwa wake uko kwenye jina tu, aliingia chini ya meza ya jirani, na alipotoka upande wa pili kamba ilikuwa imeivuta meza yote. Nililipa glasi nne na chakula cha watu nisiowafahamu.

Kwa hiyo nenda bila mbwa, agiza soda, na ukae. Hesabu mbwa wa pale ni wangapi, wanalala wapi, na wanatoka saa ngapi. Mara nyingi hutoka mifupa inapomwagwa. Tazama kama ipo meza ya pembeni yenye ukuta upande mmoja, iliyo mbali na jiko, mbali na njia ya kwenda chooni, na mbali na bembea za watoto. Angalia spika zimeelekezwa wapi, kwa sababu masikio ya mbwa husikia zaidi ya yetu, na muziki unaokufurahisha wewe unaweza kumtesa yeye. Angalia pia kama kuna paka. Baa yenye paka na mbwa wanaolala pamoja kwa amani ni dalili njema kuliko zote nilizozijua.

Hatua ya nne: Uliza swali linaloweza kujibika

Ukipiga simu na kuuliza "Mnaruhusu mbwa?", utajibiwa hapana, kwa kuwa anayelisikia swali hilo humfikiria yule wa kwenye bango. Eleza jambo zima kwa pamoja: "Habari za mchana. Nina mbwa mmoja, amechanjwa na atakuwa amefungwa kamba. Naomba meza ya nje, pembeni, kesho saa kumi na moja jioni, tukae kama saa moja. Meneja atakuwepo?" Piga saa nane au saa tisa mchana, kabla pilika hazijaanza.

Jibu la "njoo tu, hakuna shida" lisikufurahishe upesi. Wahudumu wetu wamelelewa kutomkatalia mgeni, na mara nyingi anayesema "njoo tu" anajua kwamba kesho si zamu yake. Uliza nani atakuwa zamu, kisha uzungumze na huyo. Mwenye baa naye ana hofu yake, ambayo ni bwana afya. Mhakikishie kwamba mbwa hatapita kaunta wala jikoni, na kwamba mtaingilia geti la pembeni kama lipo.

Hatua ya tano: Chagua siku na saa

Siku za kazi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, ndizo salama. Usiende siku ya Simba na Yanga, usiku wa bendi, wala Jumapili mchana baada ya ibada, familia zinapofika na watoto.

Hatua ya sita: Mkishaketi

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa nchi hii huyafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mhudumu, mlinzi au dereva wa bajaji akijitenga, anafuata dini yake; asichukuliwe kuwa ana chuki. Fupisha kamba anapopita. Beba bakuli lako la maji, na usimruhusu mbwa alambe sahani ya baa, hata kama aliye karibu nawe anacheka na kusema itaoshwa.

Chakula cha baa ni hatari kwake kuliko tunavyodhani. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Kachumbari ina vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mafuta ya kitimoto yanaweza kumsababishia ugonjwa wa kongosho. Bia si mzaha hata kidogo, kwani kilevi kinachomchangamsha tu mtu mzima kinaweza kumlaza mbwa mdogo asiamke. Waambie majirani mapema, kwa upole na kabla sahani zao hazijafika, kwamba mbwa huyu hali mifupa; nyama ikishafika, mkono wa ukarimu huwa hauzuiliki.

Kuhusu usafiri, daladala usiijaribu. Dereva wa bajaji mpatane kabla hajakuona na mbwa, ila mbwa umtaje wakati wa kupatana, kisha utandike shuka lako. Ukienda na gari lako, usimwache mbwa ndani hata vioo vikiwa nusu.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Mwanachama wa Sakina: Shikamoo mwalimu. Mbwa wangu ana mwaka mmoja na nusu na hajawahi kutoka nje ya geti. Je, naweza kuanza moja kwa moja na baa?

Marahaba. Hapana, usianze huko. Wiki za kwanza mtembeze alfajiri barabara zikiwa tupu, kisha ukae naye kando ya kibanda cha chai cha jirani mnayefahamiana, dakika kumi tu, na mwondoke akiwa bado ametulia. Baada ya hapo nenda kwenye baa uliyoichagua saa tano asubuhi, wakati viti bado vimepandishwa juu ya meza na anayekuwepo ni mfagiaji peke yake. Mbwa aliyepazoea mahali pakiwa kimya hupastahimili watu wanapoongezeka. Akianza kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi na kukunja mkia, amechoka. Rudini nyumbani hata kama bia haijaisha.

Mwanachama wa Moshi: Huku kwetu tuna vilabu vya mbege, Kibosho na Marangu. Je, utaratibu ni huo huo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, ila ruhusa huombwa kwa mwenye mji. Kilabu cha namna hiyo mara nyingi kiko uani mwa mtu, kando ya migomba, na mbuzi na kuku wake wamo humo humo. Salimia wazee kwanza, mbwa akiwa nje ya uzio, kisha uombe. Wakisita, shukuru na uondoke, kwa maana mbwa akimkamata kuku kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Mchaga, deni lake halimaliziki kwa kulipa kuku. Machicha ya mbege usimpe, yana kilevi. Tena, mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 ilhali Arusha iko karibu mita 1,400, kwa hiyo joto lenu ni kali zaidi. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Usipovumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia.

Mwanachama ambaye ni mhudumu wa baa: Mteja akija na mbwa bila kuomba na wengine wakalalamika, nimwambieje bila kumwudhi?

Msogelee wewe mwenyewe, usimtume mlinzi. Mwambie, "Kaka, naomba nikuhamishie meza ile ya pembeni, mtakaa vizuri zaidi," nawe uwe umeshakibeba kinywaji chake. Wengi watakufuata. Akikataa, jambo hilo ni la meneja, na wewe usibishane naye.

Mwanachama wa Kaloleni: Hivi huku si kuiga Wazungu? Mbwa mahali pake ni nyumbani.

Wamasai hutembea na mbwa wao machungani, na wawindaji wa Kihadzabe wa bonde la Eyasi huwinda nao, kwa hiyo kutembea na mbwa hakukuletwa na ndege. Baa ndiyo ngeni kwake, hilo nakubali. Na kama mbwa wako anapenda zaidi kubaki nyumbani, mwache abaki. Wapo wa namna hiyo wengi.

Mwanachama wa Ilboru: Ikitokea ameng'ata mtu au ameng'atwa pale baa?

Mtu aliyeng'atwa aoshwe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama kadi ya chanjo ipo. Wewe usiondoke. Acha namba yako ya simu, onyesha kadi, na gharama uzibebe bila kusukumwa. Mbwa wako akiwa ndiye aliyeng'atwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, kwa sababu mbwa wa baa hakuna anayejua kama wamechanjwa.

Mwanachama wa Usa River: Jumapili nataka kupitia Hifadhi ya Taifa ya Arusha na watoto, mbwa tukiwa naye, kisha jioni tukae baa huku kwetu. Inawezekana?

Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, na sababu yake ni nzito. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao chanzo chake kilihusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Getini mtarudishwa, au mtashawishika kumwacha garini, na hilo nimeshalikataza. Mwacheni nyumbani asubuhi na maji ya kutosha, mpitieni mkirudi, na kwa kuwa ni Jumapili ombeni meza ya saa kumi na mbili, familia zikiwa zimeanza kuondoka.