Kubadilisha siti zilizochakaa za Hilux ya zamani, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenye Hilux ya miaka ya 90, singo kebini au dabo kebini, zile zilizotangulia Vigo (Hilux ya kizazi kilichofuata), ambaye siti ya dereva imebonyea upande wa mlango mpaka chuma kinamchoma paja. Nimeuandika baada ya kumbadilishia shemeji yangu siti kwenye pikapu anayobebea samaki kutoka soko la Feri, Dar es Salaam. Kazi ya asubuhi moja ilikula siku nzima kwa sababu ya bolti moja ya nyuma. Kwa hiyo hatua nyingine nitazipita mbio, na kwenye bolti nitakaa.

Msimamo wangu nausema mapema: siti ya gari hufungwa kwa bolti. Haichomelewi kwenye sakafu. Hapa mjini utakutana na gereji zitakazokuambia "tupige welding tu, bosi, haitoki hiyo". Kataa. Sababu zake nitazieleza tukifika kwenye bolti.

Hatua ya 1: Jua kilichochakaa

Ingiza mkono chini ya siti, kisha kaa ujitikise. Ikiwa kilichokwisha ni sponji na kitambaa tu, fremu ni nzima na reli (vyuma ambavyo siti huteleza juu yake) zinashika, usinunue siti nyingine. Ifungue umpelekee fundi siti. Mwambie aweke sponji ngumu, si mabaki ya godoro laini. Godoro laini ni tamu siku ya kwanza, na baada ya miezi michache utakuwa umekalia springi tena. Kuhusu kava, mimi napendelea kitambaa katikati na reksini pembeni. Siti ya reksini tupu kwa joto la Dar inakulowesha mgongo kabla hujamaliza foleni ya Ubungo.

Ikiwa fremu imepasuka karibu na bawaba ya kulaza mgongo, au reli inaruka meno ukikanyaga breki, hapo tafuta siti nyingine nzima.

Hatua ya 2: Kununua

Zunguka Kariakoo, Gerezani na Ilala kwa wauza spea za mtumba. Nenda na futi ya kupimia. Usinunue kwa maneno ya "hii ni ya Hilux hii", kwa sababu Hilux ipo tangu 1968 na imebadilika vizazi kadhaa. Kabla hujatoka nyumbani pima umbali kati ya matundu ya bolti kwenye gari lako, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu: kushoto na kulia kwa mbele, kushoto na kulia kwa nyuma, kisha mbele na nyuma kwa kila upande. Upana wa mbele na wa nyuma mara nyingi haulingani, ndiyo maana nasema pima yote. Angalia pia kama miguu ya mbele na ya nyuma ina urefu tofauti.

Uliza siti imetoka wapi. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, hivyo siti ya dereva ya huko ni ya dereva kwetu pia. Magari ya Dubai usukani wake uko kushoto. Siti yao ya dereva ukiiweka kwetu upande wa dereva, wenzo wa kulaza mgongo unaangukia upande wa gia badala ya mlangoni, na kifungio cha mkanda, kama kimefungwa kwenye siti yenyewe, kinakaa upande usio wake. Muuzaji hatakuambia hilo, ni wewe wa kuuliza.

Hapohapo dukani sogeza reli mbele na nyuma, laza mgongo na uusimamishe, kisha nusa sponji. Siti yenye harufu ya ukungu imekaa kwenye maji na reli zake zitakusumbua. Ukiona waya wenye soketi ya njano chini ya siti, hiyo huenda ina mfuko wa hewa wa ubavuni, ule unaofumuka gari likigongwa. Iache, gari lako halina mfumo wake.

Wapo watakaokushauri uchukue siti za Vigo na kuzitengenezea miguu ya chuma ili ziingie. Zinavutia, nakubali. Lakini mguu uliokatwa na kuungwa mtaani ndio utakaobeba uzito wako wote siku ya ajali, na hujui fundi aliuchomelea vipi. Chukua siti ya umbo lilelile hata kama kava limechakaa, kava linashonwa.

Hatua ya 3: Vifaa

Soketi namba 12, 14 na 17 zenye pembe sita, racheti, mpini mrefu wa kukazulia, brashi ya waya, nyundo, mafuta ya kulainisha kutu, na tapu ya kusafishia thredi. Soketi ya pembe kumi na mbili usiitumie kwenye bolti yenye kutu, inakula kona za kichwa. Spana ya kurekebisha mdomo usiilete kabisa karibu na kazi hii.

Hatua ya 4: Kutoa vitu

Toa jeki na takataka zote nyuma ya siti. Kama gari lina waya za njano za mfuko wa hewa kwenye usukani, ondoa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Kama halina, endelea.

Hatua ya 5: Kufungua bolti

Sogeza siti nyuma kabisa ufungue za mbele, kisha isogeze mbele kabisa ufungue za nyuma. Siti ya dereva kwa kawaida ina nne. Za mbele hutoka bila shida. Za nyuma ndizo zenye kisa.

Sababu ni maji. Masika yanapopiga na ukapita Jangwani maji yamejaa, yanaingia kwa mlangoni, yanateremka chini ya kapeti na kutulia nyuma ya siti. Kapeti likilowa halikauki wiki nzima. Ukiongeza hewa ya chumvi ya pwani, na kwa pikapu ya samaki maji ya barafu yanayoingia na viatu, bolti na nati vinashikana kuwa chuma kimoja.

Na nati yenyewe huioni. Sakafu ya Hilux ina boriti la bati lililokunjwa kama boksi, na nati imechomelewa kwa ndani kiwandani kwa vidoa vidogo tu. Ukiikazua bolti kwa hasira, kimojawapo kitatokea: kichwa kinakatika, au vile vidoa vinaachia na nati inazunguka pamoja na bolti ndani ya boksi usilofikia. La pili ndilo baya zaidi.

Kwa hiyo usianze na nguvu. Anza jana yake jioni. Funua kapeti, piga brashi ya waya kuzunguka kichwa, kisha ingia chini ya gari utafute ncha ya bolti au tundu la boriti, unyunyize mafuta kutoka chini. Hapo ndipo penye thredi, kumwagia kichwani peke yake kunasaidia kidogo mno. Makopo ya dukani yanafaa. Mafundi wengi huchanganya mafuta ya gia boksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nami naona mchanganyiko huo unapenya vizuri kuliko kopo. Utikise kila unapotumia kwa sababu hujitenga, na usiusogeze karibu na moto wala sigara. Rudia kabla ya kulala.

Asubuhi gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka, ili kutu ipasuke. Weka soketi ya pembe sita, na kwanza jaribu KUKAZA kidogo. Ukisikia imetikisika hata kwa unywele, umeshinda. Fungua robo mzunguko, rudisha, ongeza mafuta, fungua nusu, rudisha. Ukiisikia inakuwa nzito tena, usilazimishe, rudi nyuma. Bolti ya shemeji ilitoka hivi, kwa kwenda na kurudi, na thredi za nati zikabaki salama.

Mashine ya upepo sishauri hapa. Inafaa kwenye nati za tairi, lakini kwenye nati iliyoshikwa na vidoa vya bati inaiachisha kabla hujajua.

Moto wa gesi pia usiutumie ndani ya kebini. Sponji ya siti inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, na chini ya sakafu kuna bomba za mafuta na za breki zinazofuata chesesi. Kama hakuna njia nyingine, kwanza kata miguu ya siti ya zamani kwa grainda uitoe siti nzima, toa kapeti, angalia bomba zimepita wapi, weka maji na mchanga karibu, kisha mwachie fundi aliyezoea.

Kichwa kikikatika, toboa katikati ya kisiki kwa drili, anza na kijiti chembamba ukiongeza unene, kisha pitisha tapu.

Nati ikizunguka ndani ya boksi, kata dirisha dogo ubavuni mwa boriti, ukubwa wa kuingiza spana tu. Shika nati, fungua bolti, kisha chomelea nati mpya palepale na ufunge dirisha kwa kipande cha bati. Hapa ndipo gereji nyingi huona tabu na kukushauri uchomelee reli juu ya sakafu. Bati la sakafu ni jembamba. Likichomelewa juujuu linaungua pembeni mwa mshono, kutu inaanzia hapo, na kwenye mgongano linachanika kama karatasi, siti na mtu wake wakaenda mbele. Boriti limewekwa ili libebe mzigo huo, bati halikuwekwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 6: Sakafu

Siti ikiwa nje, piga brashi kutu yote, paka rangi ya redi oksaidi na uiache ikauke. Kapeti lianike juani. Palipotoboka, ziba kwa bati lililochomelewa pande zote, si kwa gundi na fiba.

Hatua ya 7: Kufunga

Pitisha tapu kwenye kila nati. Bolti zilizochakaa zibadilishe kwa zenye alama 8.8 kichwani (alama ya uimara wa chuma), na uwe mwangalifu na thredi. Bolti ya milimita 10 ya duka la vifaa vya ujenzi huwa na nafasi ya milimita 1.5 kati ya thredi na thredi, ilhali magari ya Kijapani mengi hutumia 1.25. Ile ya ujenzi itaingia mizunguko miwili kisha itakaza, na ukilazimisha umeua nati uliyoihangaikia jana. Nenda na bolti ya zamani mkononi, duka la spea.

Paka thredi grisi kidogo. Ingiza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Kaza bolti ya milimita 10 kwa takriban Nm 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 kwa takriban Nm 25.

Hatua ya 8: Mikanda

Bolti za mikanda zina thredi za inchi, 7/16 zenye thredi 20 kwa inchi, hata kwenye Toyota. Usizichanganye na za siti, wala usiweke ya milimita badala yake. Mkanda uliochanika nyuzi badilisha, usishone.

Hatua ya 9: Kujaribu

Reli zote mbili zishike kwenye jino moja kwa wakati mmoja. Kaa, sukuma sakafu kwa miguu na jivute nyuma kwa nguvu. Ikiruka upande mmoja, legeza bolti za mbele, isogeze siti mbele na nyuma mara kadhaa reli zijinyooshe, kisha kaza tena. Halafu toka kwenye barabara tulivu ukanyage breki kwa ghafla ukiwa umefunga mkanda. Baada ya wiki moja ya mashimo ya barabarani, pitia bolti zote tena kwa racheti.